Tuna muda gani hapa? Dadu na kete zinapofundisha Kiingereza

Na Mwandishi Wetu, London

Mzee mmoja wa Kipemba, umri wake umeshapindukia miaka 70, aliikoroga dadu ndani ya viganja viwili kama mtu anayeomba dua, kisha akaiachia mezani. Ikasimama tano. Akaisogeza kete yake, ambayo ilikuwa ni kifungo cha koti, akahesabu moja mpaka tano na kufika kwenye kisanduku kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: "How long have you been in England?" Hakufikiri sana. Swali hilo ameulizwa mara nyingi kuliko alivyoulizwa jina lake.

"I am here for twenty-four years," akajibu, akakaa sawa akingojea kupongezwa.

Mwalimu alicheka kidogo, kwa adabu. "Ami, hapo umemwambia Mwingereza kwamba umekuja kukaa miaka 24 halafu uondoke. Sasa yeye atataka kujua imebaki mingapi."

Meza nzima ikaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. "Kumbe ndiyo maana kila siku wananiuliza nitarudi lini!"

Haya yalitokea Jumamosi moja katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, mashariki ya London, ambako kundi dogo la Waswahili hukutana kujifunza mazungumzo ya Kiingereza. Tunaposema Waswahili tunakusudia wote waliokuja na lugha hii mdomoni: watu wa Unguja na Pemba, bibi mmoja wa Mombasa, mama wa Bukavu, kijana wa Bujumbura, na bwana mmoja aliyezaliwa Muscat ambaye wazee wake waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mwalimu ni binti wa Mombasa aliyekulia hapa hapa Uingereza. Wazee humwita "mwanangu", naye huwaita ami, bibi na mama, lakini likija suala la kosa hamwonei mtu haya.

Sisi tulikwenda na daftari letu tukidhani tutakaa pembeni na kuandika. Tukaambiwa hapana mtazamaji. Aliyeingia mlangoni hupewa kete.

Maswali manne ndani ya "muda gani"

Ubao wenyewe ni karatasi kubwa iliyochorwa kwa mkono. Una visanduku 30 vilivyojipinda kama nyoka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na karibu kila kisanduku kina swali linaloanza na maneno mawili, "How long". Mzee wa Kipemba, ambaye ni mchezaji bao wa siku nyingi, aliutazama kwa dharau. Bao analolijua yeye lina mashimo 32 na kete 64, lina nyumba na vichwa, na mtu hushinda kwa akili. Hili la dadu, alisema, ni la kubahatisha. Mwalimu akamjibu kwamba bahati inaleta swali tu, akili inatakiwa kwenye jibu.

Na kweli inatakiwa. Kiswahili hutosheka na "muda gani", na kitendo chenyewe ndicho kinachotueleza wakati: umekaa muda gani, ulikaa muda gani, itachukua muda gani, utakaa muda gani. Kiingereza nacho kina milango minne kama hiyo, lakini mgeni huisikia "How long" tu, akakimbilia kujibu kabla hajasikia mlango gani umebishwa.

"How long have you lived here?" linauliza jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. "How long did you live in Kenya?" linauliza jambo lililokwisha. "How long does it take you to get here?" linataka muda wa safari. Na "How long are you staying?" linauliza mbele, jambo ambalo halijawa. Mzee wetu aliulizwa swali la kwanza akajibu kama aliyeulizwa la mwisho, na hapo ndipo kicheko kilipotoka.

Mwalimu ana njia yake ya kuwaonesha wanafunzi kwamba mambo haya wanayajua tangu utotoni. Huandika ubaoni sentensi mbili: "Nimekaa London miaka 10" na "Nilikaa Mombasa miaka 3." Huuliza: huyu mtu sasa yuko wapi? Wote hujibu London, bila ya kufikiri. Nani kawaambia? Ni "me" na "li" ndizo zilizowaambia. Basi penye "nimekaa" weka "I have lived", na penye "nilikaa" weka "I lived". Kanuni hii haitoshi kwa kila mahali, mwalimu mwenyewe anakiri, lakini humvusha mtu mto wa kwanza.

Njia tatu, kosa moja

Kilichotushangaza ni kwamba karibu watu wote mezani walikosea pahala pamoja, ilhali wamefika hapo kwa njia mbalimbali.

Sisi wa Zanzibar na Mombasa husema "nina miaka kumi hapa" au "nakaa hapa tangu mwaka 2016", na vyote ni Kiswahili safi. Ukivibeba hivyo hivyo neno kwa neno, unapata "I have ten years here" na "I live here since 2016". Ya kwanza humfanya Mwingereza angojee umalize sentensi. Ya pili ataielewa, lakini atajua papo hapo kwamba wewe ni mgeni.

Mama wa Bukavu yeye amesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno moja, "depuis", linalotumika kwa siku jambo lilipoanza na pia kwa jumla ya miaka. Kwa hivyo husema "since five years". Bwana wa Muscat naye husema hivyo hivyo, ila kosa lake limetoka upande wa Kiarabu, ambako "mundhu" hufanya kazi zote mbili. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: "for" huchukua jumla, yaani miaka mitano, wiki mbili, dakika kumi, "since" huchukua mwanzo, yaani 2016, Jumatatu, asubuhi, nilipoolewa.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo ya skuli, na Mwingereza muungwana ataelewa tu. Mara nyingi huelewa. Lakini kijana wa Bujumbura alitusimulia alivyokwenda kwenye usaili wa kazi ya hoteli. Aliulizwa kuhusu uzoefu wake akajibu: "I work in hotel four years." Wakamwomba namba ya simu ya meneja wake wa sasa. Hoteli hiyo iko Bujumbura, naye aliiacha mwaka 2015 alipokimbia nchi. Alipoanza kueleza, wakadhani anabadilisha maneno. Kazi hakuipata. Alichohitaji kusema ni "I worked", basi.

Bibi wa Mombasa naye alipiga simu zahanati kwa ajili ya maumivu ya goti. Akaulizwa ameyapata kwa muda gani, akajibu "in two weeks", akikusudia kwamba yamo ndani yake kwa wiki mbili sasa. Kwa Kiingereza "in two weeks" ni baada ya wiki mbili zijazo. Akapangiwa miadi ya wiki mbili mbele, akashukuru, akakata simu, na goti lake akabaki nalo.

Saa mbili ya nani?

Kuna mtego mwengine ambao ni wetu Waswahili. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na za Waingereza huanza usiku wa manane, kwa hivyo baina ya saa zetu na zao mna tofauti ya saa sita. Saa mbili asubuhi ni "eight o'clock", na saa nane mchana ni "two o'clock". Sote twalijua hilo. Lakini mtu akiulizwa ghafla, huku ana khofu, ulimi hurudi nyumbani.

Mmoja katika wachezaji aliwahi kukaa kwenye foleni ya ofisi fulani. Saa nne asubuhi, yaani "ten o'clock", mfanyakazi alimuuliza amengoja kwa muda gani. Akajibu: "Since two o'clock." Mfanyakazi akamtazama kwa huruma kubwa, akidhani maskini huyu kalala mlangoni tangu usiku. Akapelekwa mbele ya foleni. Hadithi hii huchekesha darasa zima, lakini mwalimu humaliza kwa kuuliza: je, ingekuwa ni mahali ambapo maneno yako yanaandikwa na kuwekwa kwenye faili?

Ndiyo maana ubao una visanduku vitatu vyenye picha ya saa. Ukiangukia hapo, lazima utaje saa kwa Kiingereza halafu useme umeamka tangu saa ngapi, na ni saa ngapi zimepita. Anayekosea hurudi visanduku viwili nyuma.

"For" ni hesabu, "since" ni siku

Kanuni nyengine ya mchezo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Kabla ya kujibu, mchezaji hurusha sarafu. Ikiangukia upande wenye kichwa cha mfalme au malkia, lazima ajibu kwa "for". Ikiangukia upande wa pili, lazima ajibu kwa "since". Kisha wenzake waligeuze jibu lake: akisema "since 2016" wao waseme "for ten years". Na mmoja wao amuulize swali moja la ziada, kama watu wanaozungumza kikweli.

Mwalimu alieleza kwa nini ameleta sarafu. Mwanzo aliwaacha watu wachague wenyewe, akaona takriban wote wanachagua "for". Alidhani ni kwa sababu ni rahisi. Baadaye akatambua kwamba "for" ni hesabu tu, miaka mingapi, haimwambii mtu kitu. "Since" inadai siku. Ukishataja siku umeshafungua mlango, na anayekusikiliza huuliza kilichotokea siku hiyo.

Mzee wa Kipemba sarafu ilimwangukia "since". Akasema, safari hii bila ya kosa: "I have been in England since 2002." Kijana wa Bujumbura akamuuliza swali la ziada: na kabla ya hapo? "I stayed in Kenya for one year." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa Kiswahili kwamba alitoka Pemba Januari 2001, akavukia Shimoni. Waliokuwapo wa visiwani hawakuhitaji maelezo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano ya upinzani, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia pwani ya Kenya. Wengine mezani hawakuwa wakilijua hilo. Wamekaa naye Jumamosi nyingi. "Twenty-four years" zake wamezisikia mara nyingi, lakini Januari hiyo hawakuwahi kuisikia.

Kwa kuwa maswali haya huweza kugusa kidonda, kila mchezaji hupewa punje moja ya kunde. Asiyetaka kujibu huiweka mezani akapita, na ni mwiko kumuuliza kwa nini.

Mama wa Bukavu alifika penye kisanduku kisemacho: "How long is it since you spoke to your family?" Aliishika ile kunde kwa vidole viwili kwa muda. Tulidhani ataiweka. Hakuiweka. Akasema: "I have not hear my mother since February 2025." Huo ndio mwezi waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mwezi mmoja baada ya kuiteka Goma.

Kwa kanuni, ilikuwa zamu yetu wengine kuligeuza jibu lake kuwa "for", tutaje ni miezi mingapi. Hapana aliyeihesabu. Mwalimu naye hakusahihisha. Dadu ikapita kwa mwengine. Dakika kumi baadaye, mwalimu aliandika ubaoni miongoni mwa sentensi nyengine, bila ya kumtaja mtu: "I haven't heard from her since February." Tulimwona mama akiinakili kwenye daftari lake, herufi kwa herufi.

Na sisi je?

Zamu yetu ilipofika tulikuwa tumeshajiandaa kwa swali la London. Dadu ikatupeleka kwengine: "How long have you been doing your job?" Swali jepesi, kwa mtu ambaye kazi yake haikukatika. Sisi tulianza kuandika habari mwaka 2003 na tuliondoka Zanzibar mwaka 2016, mwaka wa uchaguzi wa marudio. Tangu hapo tumeosha vyombo, tumesukuma vitanda vya wagonjwa usiku, tumeendesha gari la mizigo, na tumeandika tulipopata nafasi, mara nyingi bila ya malipo.

Tukamuuliza mwalimu: mtu wa namna hii aseme "I have been a journalist", au aseme "I was"? Akasema Kiingereza hakiwezi kulijibu hilo. Lugha inataka kujua tu kama jambo limekwisha au halijesha, na mwenye kujua ni mwenyewe. Mzee wa Kipemba akatutazama: "Umeacha, mwanangu?" Tukasema hatukuacha. "Basi sema."

"I have been a journalist since 2003." Wenzetu wakapiga hesabu, wakasema kwa sauti moja: "For twenty-three years!"

Miaka ya serikali

Msomaji aliyeko nyumbani asidhani kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Kwa mgeni wa Uingereza, maisha yote hupimwa kwa muda. Aliyeomba hifadhi akangoja zaidi ya miezi 12 bila ya jibu la kwanza, ndipo anaporuhusiwa kuomba kibali cha kufanya kazi. Tangu Agosti 2005, aliyekubaliwa kuwa mkimbizi aliacha kupewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Ukawa mtindo kupewa miaka 5 kwanza. Na mnamo Novemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuifanya hifadhi iwe ya miezi 30 kila mara, ikaguliwe upya, na mkimbizi angoje miaka 20 kabla ya ukaazi wa kudumu.

Njiani mna mitihani. Ule wa maisha ya Uingereza ulianza mwaka 2005 kwa wanaoomba uraia, una maswali 24 kwa dakika 45, na mtu hufaulu akipata 18. Tangu Oktoba 2013 wengi wa wanaoomba ukaazi au uraia hutakiwa pia kuthibitisha kwamba wanaweza kusikia na kuzungumza Kiingereza kwa kiwango cha kati. Huko mtu haulizwi kanuni. Anaulizwa amekaa wapi, kwa muda gani, tangu lini.

Na katika mahojiano ya hifadhi, hata akiwepo mkalimani, "for" na "since" lazima zilingane. Ukisema uliondoka mwaka 2012 na pahala pengine ukasema umekaa nje miaka 9, anayesoma faili hatadhani umekosea hesabu. Anaweza kudhani umesema uongo. Ndiyo maana mwalimu wetu hushikilia kile kipengele cha kugeuza majibu kuliko chochote. Anataka mtu aijue miaka yake mbele na nyuma, akiwa kwenye kiti cha starehe na chai mbele yake, kabla hajakaa kwenye kile kiti kingine.

Jinsi ya kuutengeneza

Wasomaji wanaotaka kuujaribu nyumbani hawahitaji kununua kitu. Chora visanduku 30 kwenye karatasi kubwa. Andika maswali ya aina zote nne, yaani lililokwisha, linaloendelea, safari, na lijalo, na uyachanganye ili mtu asijue linalofuata. Changanya pia mepesi na mazito: una simu hii kwa muda gani, kupika pilau huchukua muda gani, mara ya mwisho kucheka sana ni lini. Dadu moja, sarafu moja, vifungo vya shati, na kunde. Wachezaji wanne au watano wanatosha. Watoto waliozaliwa huku wawe ndio waamuzi, kwani Kiingereza chao ni kizuri, na watasikia majibu ambayo pengine hawakuwahi kuyauliza.

Siku ile mzee wa Kipemba ndiye aliyetangulia kukaribia mwisho. Kisanduku cha 29 kilikuwa na swali moja: "How long are you going to stay?" Alilisoma kwa sauti, polepole, akaturudia sote kwa macho mmoja mmoja. Kisha akatia mkono mfukoni, akaitoa kunde yake, akaiweka juu ya karatasi.

Hapana aliyemuuliza. Saa nane ilikuwa imegonga, "two o'clock" kwa hesabu ya wenyewe, na wenye zamu ya ukumbi walikuwa wameshafika mlangoni. Tukakunja karatasi. Kifungo chake na kunde yake mwalimu aliviweka ndani ya bahasha, akaandika juu yake namba 29, ili Jumamosi ifuatayo mzee aanzie pale pale.